Mashine Iliyomtajirisha Mama Mboni

Kwetu hewa ni safi. Bunge lilipitisha hivyo kwa kauli moja, na wabunge wawili walioshikwa na kikohozi wakati wa kupiga kura walihesabiwa kuwa wamesema ndiyo. Tangu siku hiyo hewa yetu haijachafuka tena. Nalisema hili mapema ili msomaji wa nchi nyingine asije akanielewa vibaya, maana ninayotaka kuyasimulia yalimpata jirani yangu hapa mtaa wa Chapakazi, mama mwema kabisa, ambaye kosa lake lilikuwa kumpenda mumewe na kutaka apumue.

Jina lake ni Asumini, ila sisi wote tunamwita Mama Mboni. Anashona sare za shule. Mumewe, mzee Kombo, alifanya kazi maisha yake yote katika kiwanda cha saruji kilicho mwisho wa mtaa, akipakia mifuko kwenye malori. Kiwanda hicho ni cha serikali, kwa hiyo hakitoi vumbi wala moshi. Kinatoa kitu ambacho Idara ya Hewa Njema imekipa jina la ukungu wa maendeleo. Ukungu huo hautubagui. Ukianika suruali asubuhi, jioni unaikuta imesimama yenyewe uani, inakusubiri. Kuku wetu wote ni weupe. Watoto wakiambiwa wachore jua, hulipaka rangi ya majivu, na mwalimu huwapa alama zote.

Mzee Kombo alipostaafu, kiwanda kilimpa saa ya ukutani. Kikohozi alikuja nacho mwenyewe, maana hakikuwa kwenye zawadi zilizotangazwa. Alikuwa hawezi tena kulala chali. Alilala ameegemea ukuta kama abiria aliyechelewewa na gari. Mama Mboni alijizoeza kushona huku sikio moja liko kwa mumewe. Mzee akikohoa, cherehani inaendelea. Mzee akinyamaza, cherehani nayo inanyamaza, mpaka mama asikie kwamba bado anahema.

Binti yao, Mboni mwenyewe, yuko ng'ambo anatunza wazee wa watu. Siku moja aliona kwenye simu jinsi baba yake anavyopumua, akalia, akakata simu, na baada ya muda akatuma mzigo. Ndani ya mzigo kulikuwa na mashine ya kusafisha hewa.

Mtaa mzima tulikwenda kuiona. Ilikuwa kama pipa jeupe la kadiri ya mtungi mdogo wa gesi, ndani ina feni na chujio, mbele ina kijitaa. Mboni aliwaeleza kwa simu: hewa ikiwa safi kijitaa kinawaka kijani na feni inazunguka taratibu, ikichafuka kinawaka njano, ikichafuka zaidi kinawaka nyekundu, na feni inakaza mwendo.

"Inakula umeme?" aliuliza Mama Mboni.

"Kidogo sana, mama. Kama balbu tu."

Waliichomeka. Kijitaa kikawaka nyekundu hapo hapo, na feni ikanguruma kama lori linalopanda mlima na mzigo. Ilinguruma siku nzima. Usiku ule mzee Kombo alilala chali, na Mama Mboni, ambaye hakuuzoea ukimya wa namna hiyo, akawa anamtikisa kila mara.

"Sijafa, Mama Mboni," mzee alisema bila kufumbua macho. "Nimelala. Ndivyo watu wanavyofanya."

*

Shida ilianzia kwenye mita. Yuniti zilizokuwa zikiwafikisha mwisho wa mwezi ziliisha mwezi haujafika hata katikati. Mama Mboni akanunua nyingine. Kwa pesa ile ile akapewa chache mno, akadhani muuza duka amemchezea. Muuza duka akaapa kwa jina la mama yake mzazi. Ndipo mama akajifunga kitenge chake kizuri akaenda Shirika la Mwanga na Subira, ambalo ndilo linalotuuzia umeme.

Alimkuta dirishani ofisa mmoja aitwaye bwana Tindwa, mtu nadhifu, tai yake imebanwa kwa kibanio chenye nembo ya balbu. Tindwa aliingiza namba ya mita kwenye kompyuta, akatazama, akasimama, akampa mama mkono kupitia tundu la kioo.

"Hongera sana, mama."

"Ya nini tena, baba?"

"Umepanda daraja. Ulikuwa daraja la Wanyonge. Mwezi huu umetumia umeme kupita kiwango cha mnyonge, kwa hiyo mfumo umekuhamishia daraja la Wenye Nazo. Huko yuniti moja inauzwa mara tatu, kwa heshima ya mteja."

"Lakini baba yangu, mimi sina kitu."

"Hayo ni maoni yako," alisema Tindwa kwa upole. "Mita haina maoni."

Mama Mboni akaomba arudishwe kwa wanyonge wenzake. Tindwa alisikitika kwa dhati. Akamweleza kwamba mfumo una ngazi ya kupandia tu. Ya kushukia haijanunuliwa. Tena, akasema, Rais ametoka kutangaza idadi ya wananchi waliotoka kwenye umaskini mwaka huu, na mama mwenyewe yumo. "Sasa nikushushe, nani atakwenda kumwambia Rais kuwa amepungukiwa na mtu mmoja? Utakwenda wewe?"

Mama alirudi nyumbani na kofia ya Shirika kichwani, ambayo hupewa kila tajiri mpya.

Jina lake likasomwa redioni. Sisi majirani tulifurahi sana, na wengine wetu tukaenda kumkopa. Shemeji yake mmoja, ambaye hakuonekana tangu msiba wa mwaka uliopita, alifika na wanawe wote wamevaa viatu vilivyotoboka makusudi. Mama Mboni aliwapikia uji. Shemeji alikunywa, akaondoka akisema watu wakishapata hubadilika.

Kisha yuniti zikaisha tena. Mashine ikanyamaza, mzee Kombo akarudi ukutani.

*

Mama Mboni hakuwa mtu wa kelele, lakini siku hiyo alikwenda Shirika bila kofia. Alimwambia Tindwa kwamba mashine iliahidiwa kula umeme kama balbu, sasa inakula kama kiwanda, kwa hiyo ama mashine ni mbovu, ama mita, na yeye hatatoka pale mpaka ajue ni ipi. Tindwa, akiwa mtumishi mwema, alimchukua fundi, wakaja Chapakazi na vifaa.

Fundi alitia yuniti za majaribio, akapima mita, akapima mashine, akaichomeka, akaizima, akaichomeka tena. Sisi tulijaa mlangoni.

"Mita ni nzima," alisema. "Na mashine ni nzima, tena ni mashine ya haki. Hewa ingekuwa safi ingetumia umeme kama wa balbu, alivyosema binti yako. Ila hii haijapata kupumzika tangu iwashwe. Mama, hapa kilichoharibika ni hewa yenyewe."

 Tindwa alibadilika rangi, na kwa ukungu uliokuwepo haikuwa rahisi kubadilika rangi.

"Futa hiyo kauli," alinong'ona.

"Ipi?"

"Ya hewa."

"Nitaifutaje na nimeshaitamka?"

Kwa kweli hakuweza. Kesho yake fundi alihamishiwa kisiwa kisicho na umeme, akatunze nguzo ambazo zingepelekwa baadaye. Lakini Mama Mboni alikuwa amesikia, na kwa unyoofu wake aliona njia iko wazi: kama tatizo ni hewa, basi aende kwa wenye hewa.

Idara ya Hewa Njema inatazamana na Shirika la Mwanga na Subira, barabara tu iko katikati. Mkurugenzi wake ni Profesa Daktari Mhandisi Lubawa, ambaye ana digrii nyingi hata mlango wa ofisi yake ulibidi upanuliwe ili kibao kitoshe. Madirisha yake yote yamezibwa kwa mkanda wa gundi. Alimsikiliza mama huku akijifuta pua kwa leso.

"Mama, tuende kisayansi," alisema. "Hewa ya nchi hii ni safi. Kuna sheria. Hewa ikiwa safi, mashine haili umeme. Kwa hiyo mashine yako haikula umeme."

"Ila yuniti zimekwisha, Profesa."

"Zimekwisha, lakini hazikuliwa. Zimeandikwa tu kuwa zimekwisha. Hiyo ni mita mbovu. Vuka barabara ukawaambie."

Mama akavuka. Tindwa aliposikia neno mita mbovu alisimama kama aliyetukaniwa ukoo. "Mita hizi zilizinduliwa na Rais! Alikata utepe! Unataka kusema Rais alikata utepe wa ubovu? Vuka barabara ukawaambie wajipime wao."

Mama akavuka tena. Alivuka sana barabara ile, mpaka trafiki aliyekuwa pale akawa anasimamisha magari akimwona kwa mbali, na kumsalimia, "Shikamoo mama, leo ni zamu ya nani kukufukuza?" Mwisho taasisi zile mbili zikaacha kumtumia yeye, zikashambuliana zenyewe kwa zenyewe. Shirika likakata umeme wa Idara. Idara ikatangaza kwamba jengo la Shirika lina hewa safi isiyo na uzalendo. Mambo yakafika Ikulu, na Ikulu ikaamuru umeme wa Idara urudishwe, ikamtuma Mheshimiwa Sumbizi, Waziri wa Mambo Yaliyokwisha Amuliwa, aje asikilize pande zote.

*

Siku ya ujio wake, gari la zimamoto lilipita mtaani tangu alfajiri likimwagia maji ukungu wa maendeleo ili utulie kwa heshima. Kiwanda kilizimwa. Kuku walioshwa. Nyumba ya Mama Mboni ilifungwa madirisha, mashine ikawashwa kwa yuniti za serikali, na baada ya kunguruma kwa muda, kijitaa kikawaka kijani. Tulipiga makofi hadi mikono ikauma. Mimi mwenyewe nililia.

Waziri aliingia na watu wake, walinzi wake, wapiga picha wake, na marashi yake, ambayo yalitangulia kidogo. Akakalishwa kwenye kochi, karibu kabisa na mashine.

"Ndugu wananchi," alianza, "nimekuja hapa kujionea mwenyewe, kwa macho yangu, yale ambayo nimekwisha kuyaona. Na ninachokiona ni kijani."

Kijitaa kikageuka njano.

"Kijani," Waziri alirudia, akainama kukitazama vizuri, na marashi yakainama pamoja naye. Kijitaa kikawaka nyekundu. Feni ikaanza kunguruma. Waziri akapaza sauti, akataja barabara, akataja madaraja, akataja shule. Kadiri alivyosema ndivyo mashine ilivyozidi kukazana, mpaka hatukusikia tena kitu. Tulimwona tu akifungua na kufunga mdomo. Tindwa alitazama dari. Profesa Lubawa alitafuta leso yake mfuko mmoja baada ya mwingine.

"Zimeni kitu hicho!"

"Mheshimiwa," msaidizi wake alimpigia kelele sikioni, "tukiizima itaonekana imeshinda!"

Hapo mzee Kombo, aliyekuwa ameketi pembeni kwenye mkeka na mto, akasema kwa sauti ya mtu aliyepumua vizuri asubuhi hiyo, "Mheshimiwa, isamehe. Haijasoma sheria."

Waziri alimtazama. Kisha uso wake ukang'aa. Alikuwa amepata uamuzi. Alitangaza kwamba mita ni nzima, maana ilizinduliwa. Hewa ni safi, maana ilipitishwa. Aliyebaki ni mashine. Mashine hii imetoka ng'ambo, haijazoea hewa yetu, inaiogopa, na kwa woga wake inakula umeme ovyo na kuwachonganisha wananchi na serikali yao. Haitaharibiwa, kwa sababu sisi ni watu wa utu. Itachukuliwa na Idara ya Hewa Njema ikaelimishwe.

Askari wawili waliibeba kama mtuhumiwa, mmoja kila upande. Mama Mboni aliwafuata hadi barabarani, mikono yake imeshika hewa.

"Baba zangu, mume wangu je?"

"Mume wako hajashtakiwa, mama," askari mmoja alimtuliza. "Yeye yuko huru."

*

Wiki zilizofuata hazikuwa nzuri, ingawa hewa, bila shaka, ilikuwa safi. Mzee Kombo alirudi ukutani. Midomo yake ikaanza kuwa na rangi ambayo mkewe hakutaka kuitazama. Cherehani ilisimama mara nyingi kuliko ilivyokwenda, na sare za watu zikachelewa. Mboni akipiga simu, mama yake alikuwa akiigeuza kamera ielekee ukutani na kusema mtandao ni mbovu.

Asubuhi moja alimwacha mzee na jirani, ambaye ni mimi, akaenda Idara kudai mashine yake. Aliambiwa achukue namba, asubiri. Akaingia chumba cha kusubiria, na humo, karibu na mlango wa Profesa, akaiona. Ilikuwa imewekewa kitambaa cha kufuma na ua la plastiki juu. Kijitaa kinawaka kijani tupu. Inavuma kwa sauti ndogo kama paka aliyeshiba.

"Umeona ilivyoelimika?" alisema mhudumu wa mapokezi kwa fahari. "Ilipofika ilikuwa nyekundu, kali kweli kweli. Profesa mwenyewe anakaa nayo. Tangu ianze masomo, hata yeye mafua yamemwacha."

Madirisha, kama mnavyokumbuka, yalikuwa yamezibwa. Mama Mboni alikaa kwenye benchi, na bila kutaka akavuta pumzi, ikaingia, ikaenda mpaka mahali ambapo kwa miaka mingi haikuwa ikifika. Akakaa hivyo siku nzima. Hakuna aliyemwita. Ukutani pale palibandikwa agizo la serikali: mwananchi aliyechukua namba asiondolewe kabla ya kuhudumiwa. Alilisoma polepole, akalirudia, kisha akamuuliza mhudumu, "Eti mwanangu, mtu wa mwisho kuhudumiwa hapa ilikuwa lini?"

Mhudumu akafikiri. "Mimi nina mwaka wa nne tu, mama."

Kesho yake alikuja na mzee Kombo, wakachukua namba.

Wakaja na siku iliyofuata, na iliyofuata. Mlango ulipofunguliwa walikuwepo; ulipofungwa walitoka wa mwisho. Mama alileta chai kwenye chupa na sare za kutia vifungo. Mzee alijinyoosha kwenye benchi, akalala chali, na midomo yake ikarudi rangi ya midomo. Umeme ulikuwa wa serikali, ambao hauna daraja wala hauishi. Habari ikaenea Chapakazi kimya kimya. Wakaja wapakiaji wa zamani wa kiwanda, kila mmoja na lalamiko lake. Akaja mwalimu aliyechoshwa na chaki. Wakaja mama wawili na vichanga vyenye vifua vibovu, wakiulizwa shida yao wanasema wanalalamikia mipaka ya shamba. Nami nilikwenda mara chache, kwa ajili ya utafiti wa habari hii.

Profesa Lubawa alipochungulia akaona umati, alifurahi kupita kiasi. Aliandika Ikulu kwamba hakuna idara inayopendwa na wananchi kama yake, wanashinda hapo kutwa, hawataki kuondoka. Akapewa nishani. Kwa furaha hiyo akaagiza kutoka ng'ambo mashine nyingine mbili, ili ile ya kwanza ipate wenzake wa kusoma nao.

*

Basi mambo yalikuwa yametulia hivyo, mpaka akahamishiwa pale ofisa mpya, Bi Leokadia, kutoka wilaya ya mbali ambako watumishi wa serikali walikuwa bado na tabia ya kufanya kazi. Aliingia, akatundika mkoba, akaketi dirishani, akaita:

"Namba moja!"

 Kichanga kimoja kikaacha kunyonya. Watu walitazamana kama waliosikia mzimu.

"Namba moja, nani? Mzee, ni wewe? Karibu. Shida yako?"

Mzee Kombo aliamka, akasogea dirishani na mkewe nyuma yake. Hakuwa amejiandaa. Alisema ukweli. "Nilikuja kudai mashine yangu. Ni ile pale."

Bi Leokadia alifungua faili, akasoma, akaguna, akapiga simu, akagonga muhuri. Haikuchukua hata muda wa kunywa chai. "Mashine ni mali yako, imechukuliwa bila sababu. Pole sana. Ibebe uende nayo nyumbani. Namba mbili!"

Mama Mboni aliitazama mashine. Alijua itakavyokuwa: watafika, wataichomeka, itawaka nyekundu, itanguruma kwa bei ya Wenye Nazo mpaka yuniti zikatike, na baada ya hapo litakuwa pipa jeupe kona ya sebule. Akamtazama mumewe. Mzee alikuwa akiwatazama wapakiaji wenzake kwenye mabenchi, na mwalimu, na wale mama wawili waliokumbatia vichanga vyao kwa nguvu zaidi.

"Mwanangu," mzee alimwambia Bi Leokadia, "nina lalamiko jingine."

"Dhidi ya nani?"

"Dhidi yako."

"Mimi? Nimekukosea nini, mzee wangu?"

"Umenihudumia bila kunisubirisha. Mimi ni raia wa nchi hii, nina haki zangu. Sijawahi kufanyiwa hivi."

Bi Leokadia alitaka kucheka, kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka. Akawatazama watu mmoja mmoja, vifua vyao, vichanga. Akaitazama mashine na kijani chake. Naye alikuwa amepanga chumba Chapakazi, alikuwa amelala huko siku chache tu, na asubuhi ile alikuwa ameikuta sketi yake imesimama uani. Akavuta pumzi ndefu, taratibu, akaisikia inavyoingia.

"Lalamiko dhidi ya mtumishi," alisema hatimaye, akifunga faili, "linasikilizwa na kamati. Na mashine haiwezi kutoka hapa mpaka kamati itoe uamuzi."

"Kamati inakaa lini?"

"Bado haijaundwa."

"Tutaisubiri," alisema mzee Kombo. Akarudi kwenye benchi lake, akajinyoosha, na kabla Bi Leokadia hajamaliza kumwandikia namba mpya, alikuwa keshalala, chali.